Mashine Haitoki Kikima

Mkono uliomshika Wavinya bega pale mlangoni haukuwa wa mwizi. Ulikuwa wa mumewe.

Ndiyo, msomaji. Kimeu yule yule tuliyemwacha nyumbani Jumamosi iliyopita akilalamikia mgongo. Wavinya aligeuka na komeo la chuma mkononi, tayari kumpasua mtu kichwa, akakutana uso kwa uso na baba wa watoto wake. Na nyuma ya Kimeu, ndani ya chumba cha kuangulia vifaranga, wanaume wawili walikuwa wakiizungushia mashine kamba kama watu wanaotaka kuangusha ng'ombe.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, jua hivi. Wavinya ana biashara ya kuangua vifaranga mjini Kikima, huku juu kwenye milima ya Mbooni. Zamani alikuwa na mashine tatu na wafanyakazi wa kutosha. Ukaja ule ugonjwa uliofunga masoko, na kabla watu hawajapumua, bei ya chakula cha kuku ikapanda hadi wafugaji wakachinja hata kuku wa mbegu. Wavinya akauza mashine ya kwanza. Akauza ya pili. Akawaachisha watu kazi mmoja mmoja, huku akiwaangalia machoni. Ikabaki mashine hii moja, ambayo nusu ni yake na nusu ni ya Muigai, mwenye duka la chakula cha mifugo kule Kibwezi.

Mwaka huu mambo yalipoanza kufunguka, kila mtu alimwambia akimbie. Yeye akakataa kukimbia. Alizunguka makanisa ya Mbooni yote akiongea na vikundi vya akina mama, na hakuweka yai ndani ya mashine mpaka alipoona banda la kila kikundi kwa macho yake. Alitaka kukua akiwa na mahali pa kukanyaga. Sasa mashine ilikuwa imejaa pomoni, na ndani ya maganda vifaranga walikuwa wameanza kujigeuza. Zilibaki siku moja au mbili tu.

Ndipo leo asubuhi, ukungu wa baridi ya Julai ukiwa umeuficha mlima mzima, akakuta mlango wake uko wazi.

"Baba Ndanu, hawa ni nani?"

Kimeu alitazama chini. Aliyejibu ni Muigai, ambaye alitokea nyuma ya mashine akijifuta mikono, na koti lake la ngozi limefungwa hadi shingoni. Alimsalimia Wavinya kwa heshima zote, kama mgeni aliyekaribishwa chai. Kisha akamweleza kwamba amekuja kuipeleka mashine Kibwezi. Amemwambia mwaka mzima, na mwaka mzima yeye anafanya mikutano na akina mama. Soko liko chini kule, barabara ya Mombasa, kwenye hoteli na malori. Wengine wameshaanza. Anayechelewa sasa atabaki akiwauzia majirani kuku wa Krismasi.

"Na mayai?" Wavinya aliuliza.

"Mayai ni mayai, Mama Ndanu. Tutaweka mengine. Soko likienda halirudi."

Wavinya aliwapita wale wanaume wa kamba, akaenda akasimama na mgongo wake kwenye mlango wa mashine. Alihisi joto lake likipenya sweta, na ule mtetemo mdogo wa feni ndani. Aliwaambia wafungue kamba. Hakupaza sauti. Mmoja wao alimwangalia Muigai, mwenzake akaanza kufungua fundo bila kungoja kuambiwa.

Lakini lilikuwepo swali lililomuuma zaidi. Kufuli ya mlango ule ina funguo mbili. Mmoja ulikuwa kifuani mwake, umefungwa kwa uzi. Wa pili huning'inia nyumbani, nyuma ya mlango wa jikoni.

"Ni wewe uliwafungulia," alimwambia mumewe.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Kimeu aliendesha basi la shule ya sekondari kwa miaka mingi, na kama madereva wengi wa aina hiyo, hakuzoea kueleza mambo yake. Aliugeuzageuza ufunguo mkononi mpaka Muigai mwenyewe akaona aibu, akajifanya anakagua nyaya.

"Nilitaka hii kitu iondoke," Kimeu alisema hatimaye. "Ile miaka mbaya ulianguka hapo sokoni, ukabebwa na mkokoteni kama gunia. Daktari akasema ni presha. Mimi ndiye nilikaa hospitali nikihesabu pumzi zako. Sasa umeanza tena kuamka usiku kuja kuangalia mayai. Nikasema, wacha Muigai aibebe. Afadhali unichukie ukiwa hai."

Wavinya angejua la kumfanyia mwizi. Lakini huyu alimsaliti kwa kumpenda, na hasira yake ikabaki imesimama katikati ya chumba bila mahali pa kukaa.

Muigai aliona mwanya, akakohoa. Akaanza kusema labda wangoje mayai yaanguliwe, kisha waongee kama watu wazima. Hakumaliza.

Taa ilizimika.

Ile feni ndani ya mashine ilizunguka mara chache ikijikokota, ikanyamaza. Nje, redio ya kinyozi ilikatika katikati ya mahubiri. Stima ilikuwa imepotea Kikima nzima.

Wavinya hakushtuka. Kwa stima ya mlimani alikuwa amejipanga kitambo. Alitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuwasha jenereta. Pale ilipokuwa ikikaa, chini ya kibanda cha mabati, palikuwa na doa la oili peke yake.

Alirudi ndani polepole.

"Muigai. Jenereta iko wapi?"

Muigai alisema walianza kupakia vitu vidogo kabla Wavinya hajafika. Jenereta iliwekwa kwenye pikapu. Pikapu ilikuwa imeshatangulia.

Alimpigia dereva simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Wavinya alimweleza, kwa sauti kavu, kwamba kwa baridi hii chumba kikipoa na mayai yatapoa, na kwamba kifaranga aliyekaribia kutoka akipigwa na baridi muda mrefu hufia ndani ya ganda. Wale akina mama walikuwa wamejenga mabanda. Walikuwa wamenunua taa za vifaranga. Wengi wao ndio waliochinja kuku wao katika miaka mibaya, na safari hii walikubali kujaribu tena kwa sababu ni yeye aliyewaomba. Wakirudi nyumbani mikono mitupu, hakuna atakayemsikiliza mara nyingine, wala yeye wala Muigai, awe Kikima awe Kibwezi.

Muigai alimwita mmoja wa watu wake achukue lori lililoletwa kubeba mashine, akaifuate pikapu. Lakini Kimeu alikuwa ameshatoka. Walisikia mlango wa lori ukifungwa kwa kishindo, injini ikanguruma, na kufikia wakati Muigai anafika nje akipunga mikono, mkia wa lori lake ulikuwa unapotelea ndani ya ukungu kwenye kona ya kwanza ya mteremko.

"Si angengoja," Muigai alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Ningetuma mtu wangu."

Wavinya alidhani anaogopea lori lake.

Hapakuwa na muda wa kufikiria zaidi. Muigai, akitaka kusaidia, alichukua mablanketi yaliyoletwa kufunika mashine safarini, akaanza kuifunika. Wavinya aliyavuta yote chini. Mayai yaliyokaribia kuanguliwa yanapumua, alimwambia. Ukiyafunika hivyo yatakosa hewa kabla hayajapoa. Cha kupasha joto ni chumba. Na asije mtu na jiko la makaa humu, moshi wake utaua kuliko baridi.

Walihitaji maji moto, mengi, na haraka.

Jirani wa ukuta kwa ukuta ni Kalondu, mwenye hoteli. Saa hiyo alikuwa na sufuria kubwa ya maji ya chai jikoni na wateja wanangoja. Wavinya hakumaliza kueleza. Kalondu aliwaambia wateja chai imekwisha, hata ambayo haijatengenezwa, akawapa wawili kati yao sufuria waibebe. Maji yakamiminwa kwenye mitungi ya plastiki, mitungi ikafungwa vifuniko, ikapangwa kuizunguka mashine na chini ya matundu yake ya hewa. Mtungi ukipoa, unatolewa, unaletwa mwingine. Wale wanaume waliokuja kuiiba mashine ndio sasa waliokuwa wakiibebea maji, tena mbio.

Muigai alivua koti la ngozi. Mtungi mmoja ulimvujia, ukamchoma kiganja, akauma meno na kuendelea kubeba. Wavinya alimwona. Alikuwa amepiga goti kando ya kipimajoto, akiangalia mshale ukishuka, ukisita, ukishuka tena kidogo. Akifungua mlango wa mashine kuingiza hewa, moyo wake ulienda mbio kuliko wabebaji wa maji. Akiufunga, aliomba. Aliomba kwa Kikamba, chini kwa chini, jinsi mama yake alivyoomba mvua.

Katikati ya ile purukushani, Muigai alichutama karibu naye kupumzisha mkono.

"Hii ndiyo maana nilitaka twende chini," alisema. "Kibwezi hakuna baridi kama hii."

Wavinya alijibu bila kuondoa macho kwenye kipimajoto. Alimwambia amefikiria Kibwezi kwa miezi, kuliko Muigai anavyojua. Mashine inapenda ubaridi wa huku. Kibwezi joto likizidi, utalala ukipambana kuipoza. Lakini kifaranga akishatoka, ni yeye anayetaka joto. Huku Kikima makaa ya kulea vifaranga ndiyo yanayokula faida yote. Kibwezi jua linalea bure.

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo kinachofaa kuteremka ni vifaranga, si mashine. Wanaondoka hapa siku wanapoanguliwa. Unawalea kwako mpaka wakomae kidogo, na chakula ni cha duka lako. Ndipo unawauzia hao watu wa barabarani. Mimi nabaki na akina mama wa huku. Hivyo biashara moja ikianguka, nyingine inashikilia. Ile miaka tulianguka sote kwa sababu tuliegemea mti mmoja."

Muigai aliusukuma kando mtungi uliopoa.

"Ungeniambia hivi mapema," alisema.

"Nilikuwa bado naupima mpango. Sikutaka kukuuzia ndoto. Tuliuziwa za kutosha."

Muigai alimpa mkono wake mzima, ule ambao haukuungua, na Wavinya akaushika. Lakini, msomaji, kulikuwa na kitu kwenye uso wa mtu yule. Aliyekubali mpango mzuri hufurahi. Muigai alikuwa kama mtu aliyeletewa habari njema mazishi yakiwa yameshafanyika.

Mshale ulikuwa umeshuka mahali ambapo Wavinya hakutaka kuuona, na Kalondu ameanza kuchoma viti vilivyovunjika ili maji yachemke, waliposikia lori likipanda mlima kwa gia nzito. Kimeu aliingia nalo kinyumenyume hadi mlangoni, kama alivyokuwa akiingiza basi la shule. Wanaume wanne waliishusha jenereta. Wavinya mwenyewe ndiye aliyevuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena, na tena, mpaka ngozi ya kidole ikatoka. Ikakohoa, ikakamata.

Feni ikazunguka.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walisimama tu na mitungi yao mikononi, wakisikiliza. Wavinya alingoja mshale upande, kisha akafungua mlango, akatoa yai moja kutoka trei ya katikati, akaliweka sikioni.

Kwanza hakusikia kitu. Alichukua la pili. La trei ya juu.

Kisha akasikia. Kugonga kudogo, kwa subira, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyotaka kuisumbua.

Aliyarudisha mayai kwenye trei, akaufunga mlango, akakaa chini sakafuni kwenye maji yaliyomwagika, akalia bila kujificha. Kimeu alikuja akasimama karibu. Alitaka kusema kitu, na mara ya kwanza Wavinya alimpungia mkono aondoke; hakuwa tayari kwa msamaha wala kwa kuombwa msamaha. Kimeu hakuondoka. Aliinama.

"Mama Ndanu, si hayo ninataka kusema. Ile pikapu sikuipata njia ya mji wa Wote, ile ya kwenda Kibwezi."

"Uliipata wapi?"

"Njia panda ya chini. Ilikuwa imeingia barabara ya Wamunyu. Nikamuuliza dereva, wewe unapotea, Kibwezi ni huku. Akaniambia yeye hajaambiwa Kibwezi. Ameambiwa Mwingi."

Mwingi, msomaji, iko kaskazini ya Kitui, barabara ya Garissa. Anayetoka Kikima kwenda Kibwezi akijikuta Mwingi, huyo amekwenda na kisogo mbele.

Wavinya alifuta uso wake kwa kiganja. Aliinuka, na chumba chote kilimwona akiinuka. Muigai alikuwa mlangoni, koti begani, kama mtu anayetafuta namna ya kuaga.

"Ni nani yuko Mwingi?" alimuuliza.

Muigai angeweza kudanganya. Nadhani alikusudia. Lakini alikuwa amebeba maji na watu hawa asubuhi nzima, na kiganja chake kilikuwa kimeungua, na pengine uongo nao una kiasi cha joto usichoweza kuvuka. Alivuta kiti kimoja cha Kalondu kilichonusurika moto, akakaa. Akasema miaka mibaya haikumpita hata yeye. Duka la Kibwezi limebaki rafu tupu. Alichoka kungojea mipango ya Wavinya, akapata mtu wa kununua nusu yake, na mtu huyo alitaka kitu kimoja tu: aipate mashine mkononi kwanza, ndipo Wavinya ajue. Kibwezi ilikuwa hadithi ya kumtuliza Kimeu.

"Sikujua una mpango kama huo," alisema. "Ningejua jana, nisingekubali."

"Nimekuuliza ni nani."

"Ni Mutanu."

Kalondu aliyekuwa mlangoni na sufuria aliiweka chini. Kikima yote inamjua Mutanu. Ni mdogo wake Wavinya, wa tumbo moja, aliyekuwa akisimamia tawi lao la Mwingi wakati wa raha. Mambo yalipoharibika, Wavinya alilifunga tawi lile kwa simu, asubuhi moja, wateja wakiwa wamesimama dukani. Alijiambia hakuna njia nyingine, na huenda hakukuwa nayo. Lakini hakwenda kumwangalia mdogo wake machoni, yeye aliyewaangalia wafanyakazi wengine wote. Tangu siku hiyo wawili hao hukutana kwenye mazishi, na huketi hema tofauti.

Wavinya alinyoosha mkono. Muigai akampa simu yake, namba ikiwa tayari inaita na spika ikiwa wazi.

Ilipokelewa haraka. Sauti ile ile, nyembamba kidogo tu.

"Muigai, mbona dereva amenipigia anasema amenyang'anywa jenereta?"

"Ni mimi," Wavinya alisema.

Upande wa pili ilisikika injini ya gari, na upepo wa dirisha lililo wazi.

Wavinya alikuwa na maneno mengi makali, na alistahili kuyasema. Lakini mashine ilikuwa inatetema mgongoni mwake, na kitu kimoja tu ndicho kilichopanda hadi mdomoni.

"Mwanaa mwaitu, mtoto wa mama yangu, kwa nini hukuniambia unataka kuanza tena?"

"Wewe ulipoanza tena uliniambia?" Mutanu aliuliza. "Ulizunguka makanisa ya Mbooni yote. Ulitafuta akina mama usiowajua, ukawauliza kama wako tayari. Mimi nilijifunza hii kazi na wewe. Hukuniuliza."

Kimeu aliyafumba macho. Wavinya aliegemea mlango wa mashine.

"Mayai yanagonga," alisema mwishowe. "Kesho yataanza kufunguka. Njoo uyaone."

"Niko njiani tayari. Nimepita Migwani, naingia Kabati." Sauti ya Mutanu haikulegea hata kidogo. "Nusu ya Muigai ni yangu sasa, tumeshapatana. Nikifika, mmoja wetu atatoka kwa hiyo biashara, dada. Fikiria ni nani."

Simu ikakatika.

Wote walimtazama Wavinya, ila Muigai hakuinua kichwa. Kimeu aliuliza polepole kama alifunge lango, walitie kufuli, wamwite chifu.

Wavinya aliigeukia mashine. Aliukagua mlango wake, akausukuma kwa bega mpaka ukabana. Kisha akamgeukia mumewe.

"Fungua lango lote," alisema. "Na lori lihame pale. Anakuja na gari."